Jumapili Barabara Ilipokuwa Yetu

Nilianza kukimbia kwa sababu ya sukari.

Ilikuwa ile miaka ya shida ya themanini. Sabuni ilikuwa hadithi, mafuta ya taa yalipimwa kwa kifuniko cha chupa, na mtu akivaa shati jipya watu walimtazama mara mbili wakijiuliza kalipata wapi. Mimi nilikuwa binti mpiga chapa katika ofisi moja mjini Babati. Nilikaa kijiji cha Bonga na mama yangu, mjane aliyeshuka kutoka milima ya Mbulu na jembe lake na kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Kazini utepe wa mashine ulikuwa umekauka hata barua nilizopiga zikawa zinasomwa kwa kuinuliwa dirishani.

Jumamosi moja asubuhi jirani yetu alipita uani akipiga kelele, "Sukari imefika ushirika! Sukari!" Mama akanitupia kikapu. Nilipotoka barabarani, wanawake wa Bonga walikuwa tayari wanakwenda mbio kuelekea mjini, kanga zimekazwa viunoni, viatu mkononi. Nami nikakimbia. Tangu nimalize shule sikuwa nimekimbia popote, na nilitegemea kuchoka mapema kama wengine, ambao baada ya mwendo mfupi walianza kutembea huku wameshika mbavu.

Sikuchoka. Kwanza kifua kiliwaka, nikadhani sasa basi, nasimama. Halafu ule moto ukapita, na mahali pake pakaja kitu ambacho mpaka leo sina jina lake. Miguu ikawa inakwenda yenyewe. Pumzi ikapata mpangilio wake, ndani, nje, kama mtu anayetwanga bila haraka. Upande mmoja ziwa lilikuwa limelala jeupe kwa ukungu, upande mwingine mlima Kwaraa umesimama na wingu lake kichwani, na mimi katikati, mtu mdogo mwenye kikapu, nikishangaa kwamba mwili huu nilioulisha ugali na mlenda miaka yote ulikuwa na jambo kama hili ndani yake na haujawahi kuniambia.

Nilifika dukani, nikaiona foleni, nikaipita. Sikuweza kusimama. Nilikwenda mpaka nyumba za mwisho za mji ndipo nikageuka, na niliporudi sukari ilikuwa imekwisha.

Mama alikitazama kikapu kitupu, akanitazama mimi, jasho likinitiririka.

"Walikuwa wengi?" akauliza.

"Katika wa Bonga nilifika wa kwanza, mama."

"Wa kwanza. Na sukari iko wapi?"

Siku ile tulikunywa uji wa chumvi.

Katika foleni ile alikuwamo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya pama, aliyekuwa nahodha wa klabu ya wakimbiaji ya mji. Aliniona nikipita. Siku ya pili, baada ya ibada, alikuja nyumbani kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti."

Mwalimu akakaa, akaweka kofia yake gotini. "Mama, nimekuja kwa ajili ya binti yako. Anakimbia."

Mama akashtuka. "Anamkimbia nani? Amefanya nini?"

"Hapana mama, hamkimbii mtu. Anakimbia tu. Ana mbio nzuri sana. Tuna klabu yetu, tunakutana Jumapili alasiri uwanja wa shule. Naomba ruhusa yako aje."

"Mtu hafukuzwi na chochote, anakimbia ili apate nini?"

Mwalimu alifikiri. Nilipenda kwamba hakujibu upesi. Mwisho akasema, "Mama, kwa kweli hata mimi sijui. Lakini tangu nianze sijaacha."

Nadhani ni lile neno "sijui" lililomshinda mama. Angekuja na maneno ya vikombe na medali angeondoka mikono mitupu. Mama alisema atafikiri, na usiku wa Jumatano nilimkuta anashona kaptura kwa mfuko wa unga wa msaada. Aliufua mara nyingi kwa majivu lakini yale maandishi ya kigeni hayakutoka, yakabaki yamezunguka nyonga yangu kwa wino wa buluu. Aliishona ndefu mpaka chini ya magoti. "Wazee wa kanisa wasije wakaniuliza," alisema.

Miaka ile serikali ilikuwa imepiga marufuku magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kuokoa mafuta. Mtu ambaye hakuona hawezi kujua ukimya wake. Barabara kuu, ile ile inayotoka Arusha kwenda Dodoma, ambayo siku nyingine malori machache yaliyobaki yalitutimulia vumbi machoni, ilikuwa tupu mpaka upeo wa macho. Mbuzi walilala katikati yake. Na sisi tuliitwaa.

Hatukuwa wengi. Alikuwepo mwalimu. Alikuwepo fundi baiskeli, mtu mcheshi, mfupi, ambaye kwa kuwa matairi na mipira havikupatikana tena hakuwa na baiskeli ya kutengeneza, akasema afadhali miguu isipate kutu kama spana zake. Alikuwepo kijana mmoja Mbarbaig, mfugaji kutoka mbuga za chini ya mlima Hanang, aliyekuja mjini kukaa na shemeji yake. Na walikuwepo vijana kadhaa wa mjini. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Viatu vya mbio hakuwa navyo yeyote. Waliojaliwa walivaa makatambuga ya tairi la gari, sisi wengine peku.

Jumapili ya kwanza nilidhani nitawapita kama nilivyowapita wanawake wa Bonga. Nilitoka kwa nguvu zote, na fundi akapiga kelele nyuma yangu, "Dada, sukari imekwisha, punguza!" Wakacheka wote. Kabla hatujafika njia ya Sigino nilikuwa wa mwisho kabisa, nikihema. Yule Mbarbaig alirudi nyuma akaja kukimbia kando yangu. Kiswahili chake kilikuwa kichache na kila neno alilitoa kama mtu anayeweka jiwe mahali pake.

"Usitazame mbali," aliniambia. "Sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Miguu ya wengine."

Nikasikiliza. Wale walio mbele walikuwa wanakanyaga pamoja, bila kupangiwa na mtu, na nilipoacha kupigana na barabara miguu yangu nayo ikaingia humo. Ngozi ilinisisimka. Nimeimba kwaya tangu utotoni, najua sauti nyingi zinavyoweza kuwa moja, lakini sikujua kwamba miili nayo inaweza.

Jioni ile, tukirudi kando ya ziwa, mwalimu aliinua mkono na wote tukasimama. Mbele yetu kiboko alitoka kwenye matete. Akapanda barabarani, akasimama pale katikati, maji yakimtiririka, mgongo wake ukimeta kwa jua la kuzama. Alikuwa mkubwa kama nyumba ya jikoni. Hakuna aliyejikohoza. Alitutazama, au alitazama hewa iliyotuzunguka, kisha akavuka taratibu kwenda kula majani ya ng'ambo, kama mwenye shamba anayekagua mpaka. Tulisimama muda mrefu baada ya yeye kutoweka. Fundi ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kabisa, "Bwana asifiwe," na fundi hakuwa mtu wa kanisani.

Nilikwenda Jumapili zote baada ya hapo. Bonga walisema waliyosema. Mama aliwaambia binti yake anafanya mazoezi ya ulinzi wa taifa, na hilo hakuna aliyethubutu kulipinga.

Ile siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mwanzo wa masika. Tulikuwa tumetoka upande wa Nakwa, tunarudi, ndipo mwanamume mmoja akatokea katikati ya mahindi ametanua mikono kama anazuia ng'ombe.

"Nisaidieni," alisema. "Mke wangu."

Mke alikuwa na uchungu tangu jana yake. Ndani ya nyumba tulimkuta bibi mmoja mkunga, amekaa chini, mikono yake imelegea mapajani. "Mtoto amekaa vibaya," alituambia. "Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni hospitali." Gari lililozoea kubeba wagonjwa sehemu zile lilikuwa juu ya mawe, halina matairi. Gari jingine halikuwepo, na lingepatikana wapi Jumapili.

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja.

Tulichukua miti miwili ya boriti na blanketi nene, fundi akafunga kwa kamba vifundo vyake vya kifundi, machela ikawa tayari. Mama yule tukamlaza juu yake. Alikuwa wa rika langu. Alinishika mkono, akasema kwa sauti iliyokauka, "Dada, nitapiga kelele niwaambie msimame. Msisimame."

"Hatutasimama," nikasema.

Tukaondoka. Watu wanne begani, wengine pembeni tayari kupokea. Yule Mbarbaig alikuwa mbele kulia, na hatua chache tu akaanza kuimba, wimbo wa chini, wa kooni, kama wa wafugaji wanaoita mifugo yao jioni. Miguu yote ikaufuata. Machela iliacha kuyumba. Ilikwenda kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia, na hakuna aliyekuwa ametufundisha.

Zamu yangu ilipofika mwalimu alisita. "Dada, ni mzito."

"Nipe."

Ule mti ulinikaa begani kama chuma cha moto. Uchungu ulipomjia yule mama alilia, "Simameni! Jamani, simameni!" na kila mara machozi yalinitoka, na kila mara tulikaza mwendo. Nilisikia pumzi yake nyuma ya kichwa changu, na pumzi za wenzangu, na sikujua tena ipi ni yangu.

Kisha nikaona watu. Wanakwaya waliokuwa wanarudi kutoka mazoezini, wanaume waliokuwa wamekaa kwenye vibaraza, wanawake wenye ndoo. Walitoka kando ya barabara wakaanza kukimbia nasi. Hawakuombwa. Wengine walitangulia wakifukuza mbuzi njiani, wakipaza sauti, "Pisheni! Pisheni!" Mzee mmoja aliyevaa koti la kanisani alishika boriti begani kwa fundi na hakuiachia. Tulipoingia mjini barabara nzima ilikuwa inakimbia, mji uliokuwa umechoka, wenye njaa, uliozoea kusimama kwenye foleni, unakimbia kwa ajili ya mwanamke ambaye wengi hawakumjua hata kwa jina. Sijaona tena kitu kama kile, na nimeona mengi.

Hospitalini manesi walimpokea, mlango ukafungwa. Tukakaa chini nje, mchanganyiko wa watu na jasho, jua likizama. Tulingoja mpaka giza likaingia kabisa. Ndipo tukasikia kilio, chembamba, chenye hasira, na wote tukasimama kwa pamoja kama wimbo wa taifa umepigwa.

Nesi alitoka na taa. "Mama mzima, mtoto mzima, wa kike," alisema. "Baba wa mtoto yuko wapi?"

Tukatazamana. Katika mbio zote zile hakuna aliyekumbuka kwamba yule baba hakuwa mkimbiaji. Alitokea baadaye kidogo, anachechemea, kiatu kimoja tu mguuni, mkono kiunoni. Nesi alipomwambia, alikaa chini pale pale kwenye mchanga akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na Mbarbaig akakaa naye bega kwa bega.

Kesho yake sikuweza kuinua mkono kufikia mashine. Nilikaa tu mbele yake nikitazama vidole vyangu kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata, nilipofika uwanjani, niliwakuta wanawake wamesimama kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, kanga zimekazwa viunoni. Mmoja alikuwa amekuja na dada yake, mwingine na mkwewe. Mwalimu aliwatazama, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Leo tutakwenda polepole," alisema.

Hatukwenda polepole.