Mashine ya Mjomba Wako Chini ya Mabati

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyomshika Mutua shati mbele ya wapangaji wote, pale ploti yetu ya Kitengela, wewe ukiwa mgongoni. Mwanangu, siku hiyo sikuwa na subira hata chembe.

"Umeua mashine ya ndugu yangu!"

Ilikuwa mashine ya michezo ya video, ya miaka ya tisini. Mjomba wako Wekesa aliniachia kabla hajafariki, na kadi yake ndogo ya kuhifadhi alama za michezo bado ilikuwa na jina lake kwenye mbio za magari: WEKESA, nambari moja. Nilitaka ukikua ulione. Ulipozaliwa nyumba ikajaa, nikaifunga kwa nailoni, tabaka tatu, nikamwambia Mutua, anayetunza ploti, aiweke stoo. Akiba haiozi, wahenga walisema. Wao hawakuwa na stoo ya mabati.

Asubuhi hiyo ya baridi nikaitoa, nikaichomeka kwa stima papo hapo. Ikalia tik, ikanyamaza.

"Mama Neema, niachilie shati. Mimi sijaigusa tangu uniambie."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kitu kinakufaje bila kuguswa? Jirani mmoja akasema ni joto. Mwingine akasema ni baridi, ningeiweka karibu na jiko. Wa tatu, eti friji! Sasa nishike lipi?

Koko Nashipai, nyanya aliyekuwa akituletea maziwa, akaokota ile nailoni, akanionyesha matone kwa ndani.

"Imetoa jasho. Mchana mabati yanachoma, usiku baridi inaingia. Wewe ungefungwa hivi ungepona? Kibuyu changu kinakaa kivulini. Na huyu kijana, ni yeye alifunga?"

Nikaachilia shati. Hasira ilibaki, lakini sikujua tena niipeleke wapi.

Fundi wa redio niliyempelekea alikuta maji ndani. Mashine haikupona. Kadi akaijaribu kwa mashine nyingine, na jina likatokea. Nililia dukani kwake kama mtoto.

Basi sikia, mwanangu. Kitu cha stima kiweke mahali pakavu, penye nyuzi joto kumi na tano hadi ishirini na tano, pasipobadilika badilika. Ni pale wewe mwenyewe ungelala bila kutoa jasho wala kuomba blanketi la pili. Usikinyonge kwa nailoni. Kikitoka baridini, kiache kizoee chumba kwanza, saa kadhaa, ndipo uwashe. Na kabla hujamshika mtu shati, angalia nani alifunga fundo. Mungu akupe mkono wa kutunza na moyo wa kuuliza.

Malalamiko nilipeleka, tena kwa maandishi, kwa mwenye ploti:

"Stoo yako haina dari wala tundu la hewa, na vitu vya wapangaji vinapikwa mchana, vinaloa usiku. Nailoni ilikuwa kosa langu. Paa ni lako. Nataka dari. Mutua hana hatia, na nimeshamwomba msamaha."