Nilivyoijenga kernel isiyoogopa main switch ya Mama Somoe, Newala

Wakuu, salamu kwenu nyote, mnaochangia na mnaosoma kimyakimya mkijifanya hampo.

Nina furaha ambayo nikiendelea kukaa nayo peke yangu itanipasua, kwa hiyo naishusha hapa. Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Wale wa "picha iko wapi" tulieni kwanza, msome.

Mimi ni fundi kompyuta, Masasi mjini. Kazi zangu ni zilezile za kila fundi: kupiga window, kubadili keyboard iliyomwagiwa chai, kupuliza vumbi. Linux ni ugonjwa wangu binafsi. Wife ameshazoea, akiona screen nyeusi yenye maandishi meupe anaondoka na chakula chake.

Sasa bwana, mvua za msimu huu zilipoanza nikapigiwa simu kutoka Newala. Kuna redio ndogo ya jamii kule, jina naliweka kapuni. Kompyuta yao ya kurushia matangazo imegoma kuwaka.

Nikapanda, nikatengeneza disk, nikashuka.

Hata sijasahau vumbi la safari, simu tena. Imegoma. Nikapanda, nikatengeneza, nikashuka. Simu tena!

Safari hii nikaketi na kuuliza: hivi hii mashine mnaifanyaje?

Hapo ndipo nikaelewa mchezo mzima.

Mtangazaji wa mchana pale ni mama mmoja wa makamo anaitwa Mama Somoe. Mawingu yakishaanza kupanda kutoka bonde la Ruvuma, na ngurumo ya kwanza ikasikika hata kwa mbali, Mama Somoe anainuka kwenye kiti na kuzima main switch ya jengo zima. Hazimi kompyuta. Hasemi shut down. Anashusha main switch, kwisha habari.

Kwa mliozaliwa mijini: huku juu uwandani radi si ya kuchezea. Wengi tumelelewa hivyo. Ikinguruma unazima main switch, unachomoa TV, unafunika kioo kwa kanga, ndipo unakumbuka kuanua nguo. Hakuna anayejadili.

Lakini kompyuta inayoandika kwenye disk ukiikatia umeme ghafla, siku moja itapona, siku nyingine itapona, siku ya tatu file system inavurugika na haiwaki. Ndicho kilichokuwa kinatokea.

Na hapa si suala la nyimbo kukatika wakuu. Redio ile inasoma matangazo ya vifo kila mchana. Mtu akifariki Newala asubuhi, ndugu wa Mnyambe na Tandahimba wanategemea tangazo lile wawahi maziko, maana wengi wanazika siku hiyohiyo. Mara ya mwisho kompyuta ilipokufa, tangazo halikutoka. Kuna watu walifika wakakuta kaburi limeshafukiwa.

Mmoja wao ni shemeji yake Mwenyekiti wa redio, kijijini kwake simu inashika kwa bahati.

Mwenyekiti, mzee mmoja mpole tu tunayemwita Baba Juma, akasema neno moja: kompyuta ikifa tena mvua hizi, Mama Somoe anapumzishwa, analetwa mtu asiyeogopa mawingu. Na sikuweza kumlaumu. Yule shemeji yake alikosa kumzika mama yake mzazi.

Nikashuka Masasi na hilo neno kichwani. Ningeweza kusema mimi ni fundi, ya ofisi yao hayanihusu. Lakini Mama Somoe alikuwa amenipikia ugali wa muhogo na kisamvu kila nilipopanda, na ananiita Baba Tatu kwa jina la binti yangu kama vile ananijua tangu utoto. Iliniuma.

Cha kwanza mtu angefikiria ni UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Walikuwa nayo, betri ilishakufa. Na hata ingekuwa nzima, Mama Somoe na yenyewe angeizima.

Ndipo wazo likaja nikiwa naoga, nusura nitoke na sabuni.

Kama kompyuta haiandiki kitu kwenye disk, ukiizima ghafla utavuruga nini? Hakuna!

Wanaojua Linux mmeshanusa. Squashfs. Kwa wasiojua: unachukua mfumo mzima, unaubana unakuwa image moja ndogo, na kernel, yaani moyo wa mfumo, inausoma tu. Haiandiki humo hata herufi. Vitu vya muda vinakaa kwenye RAM, umeme ukikatika vinapotea na hakuna atakayevililia. Ukiwasha, mfumo unaanza upya uleule kama siku ya kwanza.

Mashine yenyewe ni kikongwe, RAM ya kubembeleza, na storage yake ni ndogo mno. Kwa hiyo nikaamua kujenga kernel yangu, nyembamba, bila initramfs, ule mfumo mdogo wa kutangulia, iwake haraka. Redio ikikaa kimya watu wanahama stesheni.

Nikafungua menuconfig, menu ya kuchagua kernel iwe na nini ndani. File systems, kisha Miscellaneous filesystems, nikakuta Squashfs. Nikabonyeza, nikaenda OverlayFS, ya kuweka vile vitu vya muda kwenye RAM, nikabonyeza na hiyo. Nikakompile huku napiga mluzi, wateja dukani wananishangaa.

Nikaijaribu kwenye mashine ya dukani.

Kernel panic. Unable to mount root fs.

Mluzi ukakata: kernel imeshindwa kuufungua mfumo.

Kumbe kwenye menu niliweka M badala ya nyota. M maana yake module, faili la pembeni ambalo kernel inalipakia ikihitaji. Na hilo faili lilikuwa wapi? Ndani ya ileile squashfs ninayotaka ifunguliwe! Ni kufunga mlango na kuacha ufunguo juu ya meza ndani. Nilicheka peke yangu. Nikaweka nyota, ikawa sehemu ya kernel yenyewe, ikawaka. Nikachomoa umeme ghafla, nikarudisha, ikawaka. Nikarudia mpaka jirani muuza simu akauliza kama nimegombana na hiyo kompyuta.

Nikapiga simu Newala: napanda kesho, Mwenyekiti awepo mchana.

Sasa kiherehere changu. Jioni nikaona image ni kubwa kidogo kwa ile storage, nikaipaki upya kwa zstd inayobana zaidi. Ikapungua vizuri. Nikalala usingizi wa mfalme bila kuijaribu tena.

Asubuhi niko Newala. Nimefunga kila kitu, Mama Somoe amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nawasha kwa madaha.

Filesystem uses "zstd" compression. This is not supported.

Wakuu, kernel inajua squashfs, ndiyo, lakini kila aina ya kubana ina tiki yake kwenye menu, na mimi nilikuwa na zlib peke yake, ile ya mwanzo. Niliipa chakula ambacho sikuifundisha kukila.

"Imekataa?" Mama Somoe akauliza.

"Imekataa kidogo mama."

"Kidogo ndiyo vipi, Baba Tatu?"

Nikafungua laptop, nikarudi menuconfig, nikatia nyota kwenye zstd, nikakompile palepale. Source, ile code ya kernel, nilikuja nayo, hapo nilijipongeza. Feni ya laptop inalia, mimi jasho linanitoka, na Mwenyekiti anakuja baada ya swala ya adhuhuri.

Ikaisha. Naanza kuhamisha kernel mpya kwenye mashine ya redio.

Ngurumo.

Nikageuka, Mama Somoe ameshafika mlangoni.

"Mama, nakuomba, subiri nimalizie hapa, kidogo tu!"

"Siwezi, mwanangu."

Tap. Giza. Kernel yangu ikakatikia njiani.

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia, "Mama, hawa watu wanataka kukutoa kwa sababu ya hiyo switch. Huwezi kujizuia hata leo?"

Akaketi kwenye benchi. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga bati, ikabidi asogee ili nimsikie.

"Nyumbani kwetu Mnyambe tulikuwa na redio ya waya, ule waya unapanda juu ya mti. Mvua inakuja, mama akasema zimeni. Kaka yangu akasema ngoja wimbo uishe. Alikuwa ameshika ule waya. Ntu mzima, mwenye nguvu zake. Sasa wewe unaniambia nisubiri. Mimi kusubiri siwezi. Wakinitoa wanitoe. Redio naipenda, hapa ndipo watu wananisikia mpaka Tandahimba. Lakini mkono wangu hautanisikiliza."

Hasira zote ziliniyeyuka. Nikasema tu, "Nisamehe mama." Akasema, "Kunywa chai, imepoa."

Na hapo nikaapa moyoni kuwa ile mashine lazima iwake siku ile, hata kama nitalala pale.

Ngurumo zikasogea mbali, akarudisha umeme mwenyewe. Nikahamisha kernel upya, safari hii ikafika yote. Nikawasha.

VFS: Mounted root (squashfs filesystem) readonly.

Mfumo umefunguka! Nilipiga ukelele mpaka watu wa nje wakadhani kuna goli! Mama Somoe hakujua ameona nini kwenye screen ila akapiga vigelegele kunisindikiza.

Mwenyekiti akafika na kanzu yake imelowa pindoni. "Shikamoo Baba Juma." "Marahaba fundi. Imepona?" Nikamwambia aketi aone. Sikutaka kusema mengi, maana maneno alishasikia mengi.

Mama Somoe akaingia hewani na matangazo ya vifo. Anasoma taratibu, jina la marehemu, jina la baba, kijiji, watoto aliowaacha, maziko saa ngapi. Akamaliza la kwanza. Akaanza la pili.

Radi ikapasua hapohapo juu ya paa, ya kuruka kwenye kiti.

"Wasikilizaji, tunapisha radi," akasema, na kabla sentensi haijakauka, tap.

Mwenyekiti alifumba macho. Nilimwona kabisa. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu, sijui ni dua au ni kumlaani fundi.

Tukakaa kwenye giza na mvua. Kujaribu dukani ni kitu kimoja na hapa ni kitu kingine.

Ilipotulia, Mama Somoe akarudisha umeme. Sote watatu tukainamia screen.

Maandishi yakashuka mbio. Mounted root. Readonly. Programu ya matangazo ikafunguka yenyewe, transmita ikapata sauti, na yeye ameshavaa headphone.

"Tunaendelea," akasema. "Marehemu anazikwa leo saa kumi alasiri, ndugu wa Mnyambe mnaombwa mfike."

Mwenyekiti akatoa leso, akafuta uso. Alifuta muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Kisha ngurumo nyingine, ndogo, ya mbali. Mama Somoe akaanza kuinuka. Mwenyekiti akamnyooshea kiganja, akasimama yeye, akaenda mlangoni na kanzu yake, akaweka mkono kwenye main switch, akasubiri.

"Kaa usome, Mama Somoe," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukimaliza sentensi, nitazima mie."

Wakuu, mimi mwanaume mzima nilijifanya nafunga nati za kompyuta ambayo haikuwa na nati iliyolegea.

Mvua zinaendelea, na mashine imeshazimwa kikatili mara nisizozijua. Sijapigiwa simu ya kugoma. Nimepigiwa ya kuulizwa Tatu anaendeleaje na shule.

Nilichojifunza: sote tulitaka mama wa watu abadilike, wakati kilichotakiwa kubadilika ni nyota chache kwenye menu. Kabla hujamlaumu mtumiaji, muulize kwanza kwa nini anafanya anavyofanya, halafu ujenge kitu kinachoweza kuishi naye. Na kwa mafundi wenzangu: squashfs iwe nyota isiwe M kama huna initramfs, tiki ya kubana ifanane na image yako, na usipaki upya jioni ukalala bila kujaribu.

Waliowahi kufanya hivi, niambieni mnatumia xz au zstd kwenye mashine kongwe, na mnafanyaje mkitaka kuongeza nyimbo bila kugusa image. Wanaosema ningenunua tu betri mpya ya UPS na wao waje, nina hamu nao sana. Ila anayetaka kuniambia Mama Somoe angejifunza kuzoea radi, huyo apande Newala akamwambie mwenyewe, mezani kwake, akiwa amemwekewa chai.