Viwanja vya Chini ya Bwawa

Ziwa lilipoingia kwa kaka yangu halikuingia kwa kishindo. Lilianza jikoni, likalowesha makaa, likarudi. Baada ya wiki chache likaja tena, na safari hii likakaa. Alikuwa na nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma karibu na ufuko, hapa Uvira, na hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Aliinua vitanda juu ya matofali, kisha akaongeza matofali mengine. Mwishowe alivua mabati, akang'oa milango ya chuma, akaja kwangu na mke wake na watoto wao.

Nyumba yangu iko juu kidogo, upande wa milima. Mume wangu anafanya kazi Kalemie na hurudi kwa meli mara chache, kwa hiyo nilikuwa nimezoea kuishi na binti zangu wawili tu, kwa utulivu. Nilimpokea yaya kwa moyo mmoja. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa huku kwetu. Nilidhani ni kwa msimu mmoja wa mvua.

Msimu ulipita, ukaja mwingine. Sikuacha kumpenda, lakini nilichoka. Nilichoka na kikohozi chake cha alfajiri na redio yake ya habari. Nilichoka kungoja choo kwenye nyumba yangu mwenyewe. Sufuria kubwa ya bugali, ugali wetu, haikukauka tena, na milango yake ya chuma iliegemea ukuta wa ua ikiota kutu, huku kila anayepita akijikwaa. Mke wake, wifi yangu, alikuwa anafagia kabla sijaamka, anafua kabla sijauliza, kana kwamba analipa kitu. Hilo nalo lilinichosha.

Yaya alichaguliwa kuwa rais wa kamati ya watu waliofukuzwa na ziwa. Wengi wao walikuwa bado kwenye mahema ya plastiki. Alizunguka katika uwanda wa Ruzizi, akaongea na machifu, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na siku moja akaleta habari: kulikuwa na ardhi kubwa huko juu ya barabara, kati ya Runingu na Kiringye, tambarare, karibu na kijito. Chifu alikubali kuitoa. Shirika moja lilikubali kuleta mabati na misumari. Lakini juu ya hiyo ardhi, kwenye bonde linaloshuka kutoka milimani, kulikuwa na bwawa, barrage kama tunavyosema, na shirika lilitaka mtu wa kazi za maji aseme kwanza kama watu watakuwa salama chini yake.

Mtu wa kazi hiyo nilikuwa mimi. Nimefanya miaka mingi katika ofisi ya maji, nikipima vyanzo, mifereji ya mashamba ya mpunga, na mito inayoshuka kwa fujo wakati wa masika. Nilimwambia mkuu wangu kwamba rais wa kamati ni kaka yangu, na kwamba analala sebuleni kwangu. Aliendelea kuandika.

"Mu Uvira hii ni nani hana ndugu mwenye ziwa ilimufukuza?" akasema. "Wenzako bote beko mbali. Enda weye."

Yaya aliposikia alitabasamu kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Mungu ametenda," akasema. "Ni mudogo wangu njo anaenda kupima."

Tulienda pamoja mara ya kwanza, kwenye pikipiki mbili, tukisimamishwa kwenye vizuizi na kuulizwa tunakokwenda na watu waliokuwa wamechoka kama sisi. Ardhi ilikuwa nzuri kweli. Udongo mweusi, nyasi ndefu, upepo. Yaya alitembea mbele yangu akinionyesha vitu ambavyo havikuwepo: hapa shule, pale kanisa, kule soko dogo la asubuhi. Kiwanja chake alikuwa ameshakichagua moyoni, chini karibu na kijito, ili mke wake apate kulima mboga. Alisimama pale akafungua mikono.

"Sebule njo hii," akasema. "Uko nasimama mu sebule yangu."

Nilitazama chini. Katika udongo ule laini kulikuwa na mawe ya mviringo, yaliyolainishwa na maji, makubwa kama vichwa vya watoto. Mawe kama hayo hayatembei yenyewe kutoka mtoni. Maji ndiyo yaliyoyaleta, na maji mengi, siku ambayo hakuna mtu pale aliyeweza kunitajia. Nilisema jua ni kali, twende tunywe maji.

Bwawani nilienda bila yeye, pamoja na mwenzangu wa ofisi wa kunishikia vifaa. Ni mwendo wa kupanda, njia ileile wanayoshukia wafugaji wanaotoka pande za Bijombo. Bwawa lenyewe si kubwa. Lilijengwa na mradi ulioondoka zamani, kwa ajili ya mashamba. Ukuta wake ni wa mawe na saruji, na upande wa kushoto, chini kabisa, palikuwa na majani mabichi sana wakati mlima wote ulikuwa umekauka. Niliweka mkono. Maji yalikuwa yanapita, polepole, kama jasho. Nyuma ya ukuta, mchanga na matope vilikuwa vimejaa kiasi kwamba bwawa lilikuwa limebaki na nafasi kidogo ya kupokea mvua.

Mlinzi wake alikuwa mzee wa makamo, amevaa viatu vya mpira, mtu mpole. Alitusalimia kwa Kifuliiru, akatuwekea ubao wa kukalia. Nilimwomba michoro ya ujenzi. Hakuwahi kuiona. Nilimwuliza ukuta umejengwa juu ya nini, mwamba au udongo. Hakujua, alipokuja kazini tayari ulikuwepo. Alinionyesha mlango wa kutolea maji. Tuliusukuma sisi watatu kwa chuma kirefu, ukalia, ukafunguka kiasi cha kiganja, ukakataa kwenda zaidi.

"Na mvua ikija mingi, maji ikipita juu ya ukuta, unafanya nini?" nikamwuliza.

"Ninapiga simu."

"Rezo ya simu iko?"

"Hapa haiko. Ninapanda kule." Alionyesha mgongo wa kilima, mbali.

"Na ukifika kule, unamwita nani?"

"Chifu wa chini."

"Na simu yake ikiwa imezimika?"

Alinitazama bila ubaya wowote. "Basi, mama, imezimika," akasema.

Tulipima bonde kwa siku kadhaa, kutoka ukutani mpaka kwenye ardhi ya yaya. Ni kazi ya kurudia kitu kimoja: kusimamisha chombo, kusoma, kuandika, kuhama. Nilikuwa nataka matokeo yawe mazuri. Hilo naliandika wazi. Nilikuwa nataka bonde lipanuke mahali fulani, lipoteze nguvu ya maji, ili niandike ndiyo na yaya ahame na milango yake. Bonde halikupanuka. Lilibana mpaka mwisho, halafu likafunguka pale pale kwenye nyasi ndefu, kama mdomo wa chupa. Ukuta ule ukivunjika, nusu ya chini ya ardhi ingepata maji ya kufika kifuani kwa mtu mzima, yakiwa na mawe ndani yake, na yangefika kabla mlinzi hajamaliza kupanda kilima chake. Sehemu ya juu, ile ya kokoto iliyo kando ya mlima, ingebaki kavu. Lakini hapo pasingetosha hata nusu ya familia zote.

Nilimwambia yaya nyumbani, kabla ya kupeleka ripoti. Tulikuwa tunakula bugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Aliosha mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ile barrage iko pale tangu zamani," akasema. "Haijaanguka."

"Haijaanguka."

"Itaanguka lini?"

"Sijui, yaya. Pengine haitaanguka."

"Basi hujui, na unaandika."

"Naandika kwamba ikianguka, watu wa chini watakufa. Hiyo ninaijua."

Wifi yangu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akasema bila kugeuka, "Minye nilishachoka na maji. Ya ziwa, ya mutoni, yote."

Yaya akasimama. "Weye una nyumba," akaniambia. "Mutu mwenye kuwa na nyumba anaona hatari mbali."

Nilitamani kumjibu kwamba nyumba hiyo ninayo nusu tu, nusu nyingine anayo yeye. Niliondoa sahani.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Nilieleza kadiri nilivyoweza, bila maneno ya shule. Niliwachorea bonde ubaoni. Watu walisikiliza vizuri, na hilo lilikuwa gumu kuliko kelele. Mwishoni mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alinyanyuka.

"Mama fundi, umetuambia tusikae pale," akasema. "Tumesikia. Mu mahema tuko, na mvua inatukuta mule. Sasa unatuambia tukae wapi?"

Nilisema kazi yangu ilikuwa kupima ile ardhi tu. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema hivyo. Yule mama aliitikia kwa kichwa, akaketi, akambembeleza mtoto wake. Hakunilaumu. Alikuwa ameshasikia majibu kama hayo kwenye ofisi nyingi.

Shirika lilikubali sehemu ya juu peke yake. Iliamuliwa wajane na wazee wapate kwanza, na waliobaki wapige kura ya bahati. Usiku wa kuamkia kura nilikuwa najipa moyo. Kokoto si kitu, nilijiambia. Yaya ni fundi, atajenga hata juu ya mawe. Kesho yake alirudi mapema, akavua kofia.

"Umepata?" nikauliza.

"Sikutia jina."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Minye ni prezida," akasema. "Mupimaji ni mudogo wangu. Nikipata, batasema tulipanga weye na minye, tukafukuza bantu chini ili tukamate juu. Na ripoti yako bataitupa. Bataenda kujenga chini."

Sijawahi kumkasirikia kama siku ile. Nilimwambia mambo kuhusu choo na kikohozi na milango. Alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni kweli," akaenda kuchota maji kwenye bomba la jirani, kwa sababu letu lilikuwa kavu tangu juzi. Nilikaa pale nikijua kwamba amefanya lile ambalo mimi mwenyewe ningefanya, na kwamba halikunipunguzia uchovu hata kidogo.

Masika yalipokuja, maji yalipita juu ya ukuta wa bwawa. Ukuta haukuvunjika. Sehemu ya chini ilipata maji ya magoti, yakakaa siku moja, yakaondoka yakiacha matope. Habari ilifika mjini upesi, na watu kadhaa walinisimamisha njiani kuniambia: magoti tu. Maji ya magoti hayakuthibitisha kwamba nilikosea, wala kwamba nilisema kweli. Familia mbili zilishuka zikajenga kule chini, kwenye nyasi. Nilienda kuwaona. Walinipa kiti na mahindi ya kuchemsha, wakanisikiliza tena kwa heshima yote, kisha mume akasema msingi wa nyumba yao umeinuliwa. Niliwaachia namba ya simu ya mlinzi, na mlinzi nikampa yao. Ombi la kutengeneza mlango wa bwawa nimeliandika na kulirudia. Bado halijajibiwa.

Yaya anaenda kule kila wiki kuwasaidia wenye viwanja vya juu kunyanyua kuta. Milango yake aliigawa: mmoja kwa mjane, mwingine kwa darasa la watoto. Akirudi jioni anasinzia kwenye kiti kabla chakula hakijaiva, mdomo wazi, redio ikisema peke yake, na mimi naipunguza sauti.

Juzi wifi yangu alinifuata uani, akiwa ameshika mbegu za lengalenga, mchicha wa huku kwetu, kwenye kipande cha gazeti. Alitaka kujua kama anaweza kulima kale kaukanda ka ardhi kaliko kando ya ukuta, pale palipokuwa na milango. Alisema zitachukua muda kukua, na alinitazama aliposema hivyo. Ardhi pale ni ngumu, imejaa kutu na vipande vya matofali. Nikamwambia achukue jembe nyuma ya jiko, apande.