Nilipigiwa Makofi Mwanangu Akipaliwa

Jumamosi nilimbeba mwanangu tukaenda kutazama mchezo wa kuigiza, uani kwenye nyumba moja ya mtaa wa Kibokoni. Ni kisa cha kweli, mwanamke aliuawa na wezi kichochoroni huku majirani wakisikiliza madirishani, na maneno ya waigizaji ni yale yale waliyoyasema majirani wenyewe. "Tulidhani ni mambo ya mke na mume," akasema mmoja, nasi watazamaji tukaguna, jamani, watu gani hawa!

Hapo hapo mwanangu akapaliwa na krispu ya mhogo. Sauti haitoki, midomo inageuka rangi, nikaruka nikapiga mayowe, "Nisaidieni, mwanangu anakufa!"

Watu wakanipigia makofi.

"Mashaallah, huyu anajua kulia," akasema mama mmoja wa buibui, akasogea nionekane vizuri.

Mzee wa nyuma akalalamika, "Binti, geukia na huku basi, hatukuoni."

"Baba, si mchezo, ni kweli!"

"Ndiyo, ndiyo, tumeambiwa ni kisa cha kweli."

Aliyenisaidia ni maiti. Yule mwigizaji aliyelala jukwaani na damu yake ya rangi aliinuka mbio, akamlaza mwanangu kifudifudi mapajani, akampiga mgongoni hadi krispu ikatoka. Mtoto akalia, na mimi nikalia kumshinda.

Tulipokuwa tukitoka, yule mama akanishika bega.

"Umecheza vizuri, dadangu. Lakini maiti kuinuka kusaidia watu? Hapo mmetuharibia. Nani ataamini?"