Mguu wa Tenki

Fundi wetu wa maji hapa zahanati hagongigongi chuma kwa nyundo kama wenzake. Kila asubuhi huchomeka msumari wa shaba kwenye udongo mbichi chini ya mnara wa tenki, akauunga na waya mmoja wa kipimo chake cha umeme. Waya wa pili huugusisha kwenye mguu wa chuma, pale alipokwangua rangi. Kisha husubiri namba itulie, midomo ikimcheza. Aliwahi kuniambia kwamba chuma kinacholiwa na kutu hutoa umeme kidogo, na umeme huo huongezeka kabla jicho halijaona kitu. Rangi ya mnara bado inang'aa.

Leo namba ilikuwa inapanda tu. Akapangusa ncha za waya kwa shati, akapima tena, akatazama juu, tenki limejaa. Dafrosa, mmoja wa akina mama waliokuja kliniki, alikuwa kwenye benchi chini ya mnara, ananyonyesha. Oktoba hapa Nachingwea kivuli chetu ni hicho kimoja.

"Sogea kule, mama."

"Kule juani, na kichanga hiki?"

Fundi aliinama. Aliinua benchi upande mmoja, taratibu, mpaka Dafrosa akasimama. Alipolifikisha juani akarudi peke yake chini ya tenki, akauwekea mguu ule kiganja, kama anayempima mtoto homa.