Ulezi Usioliwa

Kila asubuhi Fransiska alifungua mtego wa nondo, wale vipepeo wanaozaa viwavijeshi, nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Namanyere, akawahesabu, akaandika idadi yao. Wakizidi, alimpa habari Beda, bwana shamba, maana viwavijeshi hawapigi hodi. Alijitolea tu. Tangu serikali iache kugawa dawa ya wadudu na kuiachia wenye maduka, wengi hawakuimudu, wala hawakuwa na kinga nyingine.

Msimu wa 2006 viwavi walivamia mahindi yake, kisha wakaanza kufa wenyewe. Walipanda hadi ncha za majani, wakaning'inia weusi, wakivuja maji. Fransiska alijaza chupa moja, akampa Beda aipeleke maabara. Waliobaki aliwafanyia kama Wafipa wanavyofanya: aliwafukia pamoja na nyasi ndani ya ntumba, yale matuta ya mviringo, waoze wawe mbolea. Mwaka uliofuata alizisambaza ntumba zile, akapanda ulezi. Ukakubali kuliko miaka yote.

Kihenge kilikuwa kimejaa, na mjukuu wake Adela amekwisha kunywa uji wa ulezi huo wiki mbili, jibu la kwanza lilipokuja: viwavi waliuawa na virusi.

"Mama Kasmir, umepanda ugonjwa," alisema Mboje, jirani mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga. "Ng'ombe wangu hawatagusa mabua yako."

"Ni virusi vya viwavi, baba Minza," alijibu Fransiska.

"Virusi ni virusi. Au vina vitambulisho?"

"Vinavyo," alidakia Beda. "Ndivyo vinavyosomwa huko maabara sasa. Tusubiri."

Felisiani, mume wa Fransiska, alikiziba kihenge kwa udongo. Miezi mitano Fransiska alimgusa Adela paji la uso asubuhi, mchana na jioni. Mtoto akikohoa, yeye anaacha jembe. Hakumwambia mtu kwamba uji ule aliukoroga kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba mtoto aliomba kuongezwa.

Siku Beda alipoingia uani akisukuma baiskeli, Mboje alimfuata nyumanyuma.

"Shikamoo mama. Kaa kwanza."

"Marahaba. Sema nikiwa nimesimama."

Beda akafungua barua. "Wamesoma vinasaba vya kirusi hicho vyote, mwanzo mpaka mwisho. Ni kirusi cha ukoo unaoishi ndani ya viwavi tu. Hakimdhuru mtu, wala ng'ombe, wala kuku. Ulezi wako mzima, mama."

Hapo Fransiska alikaa, chini kabisa. Alijifunika kanga usoni. Mabega yakatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, hadi alipoifunua wakaona ni vyote viwili.

Felisiani hakungoja kuambiwa. Aligonga udongo wa kihenge kwa mpini wa jembe, ulezi ukamwagika mwekundu. Mboje ndiye aliyekuwa wa kwanza kukinga viganja. Akautia kinywani mbichi, akatafuna, watu wote wakimtazama.

"Una mchanga," alisema, akakinga tena.