Kadi za Mvua ya Usangu

Chaka-chaka-chak, kimya kidogo, halafu chak. Ile mashine ya kutoboa kadi naisikia mpaka leo. Mimi, na elimu yangu ya darasa la saba, niliipenda kama wenzangu walivyopenda cherehani. Kila kadi niliyoitoboa pale ofisini Mbeya ilibeba mvua ya siku moja. Rundo likitimia lilipanda basi kwenda Dar es Salaam, ambako kompyuta ilikokotoa maji yatafika lini bondeni Usangu. Niliota kwamba iko siku hata mkulima ataipigia hodi mashine ile kama mlango wa jirani.

Siku moja alikuja mtafiti kijana, Mhehe wa Iringa, na vipimo vya mvua vya Ubaruku, huko huko Usangu. Wakulima walikuwa wanangoja kujua wapandikize mpunga lini, kwa hiyo alitaka kadi zake ziondoke na basi la jioni ile ile. Nikamtobolea. Ikabaki ruhusa ya mkubwa wa ofisi, naye alikuwa Mngoni. Wahehe na Wangoni ni watani, wa kutaniana bila kununiana.

Tulimkuta anakula nguruwe wa kuchoma, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye saa. Akasema kompyuta si mashine ya kusaga, kila mtu aje na debe lake. Kijana akajibu kwa upole kwamba hata ya kusaga ilianza kwa kuwa ya Mzungu peke yake. Mkubwa akacheka, akachomoa kadi moja katikati ya rundo, akaikunja, akachokonolea meno.

“Mali ya Mhehe haina mwenyewe,” akasema. “Au umenuna, mtani?”

“Sijanuna, mzee.”

Angesema nini? Mtani akinuna, aibu ni yake. Mkubwa akafutia vidole kadi ile, akaitupa chini, akasema mambo ya kadi wataongea wiki ijayo. Wiki ijayo, miche ikiwa imeshazeeka kitaluni! Kijana akacheka kicheko kikavu, akatoka.

Unyuzi wa nyama ulikuwa umenasa kwenye matundu ya mvua. Nilitaka kutapika. Si kwa sababu ya nguruwe, maana mwenyewe namla. Utani ni kitu cha kusaidiana mpaka kuzikana, yule baba kaufanya komeo la kumfungia mwenzake mlango. Mpaka leo nikikumbuka midomo yake inavyong'aa, mate ya kichefuchefu hunijaa.

Mkubwa alipokwenda kwake kujilaza, nilinawa mikono, nikatoboa kadi mpya ya siku ile ya mvua, nikaichomeka mahali pake, nikalifunga rundo kwa kamba ya katani na kulitia ndani ya gunia la Dar, la basi la jioni ile ile.